Ufadhili uliokwamishwa na adabu

Saa kumi na moja na nusu jioni giza limeshashika, na upepo unasukuma theluji huku na huku kwenye maegesho ya magari. Ndani, Arlys Brekke amevaa hedifoni juu ya kofia ya sufi, maana chombo cha kupasha joto chumba hiki kimekufa tangu Krismasi na fundi amesema atapita. Anabonyeza namba, anangoja.

Mwanamke anapokea. Arlys hataji kilichomfanya apige. Sehemu hizi mtu hataji haja yake kabla ya hali ya hewa. Basi wanaongea baridi. Wanaongea betri za magari zilizokufa. Wanaongea goti la yule mama, ambalo daktari amelitazama na kusema walitazame tena mwezi wa tatu. Arlys anatikisa kichwa kwa upole kana kwamba mwenzake anamwona.

Mwisho anafika kwenye haja yake. Anauliza kama Duane yupo.

Duane hayupo. Yuko ziwani, kwenye kibanda chake cha kuvulia samaki juu ya barafu, na simu ameiacha juu ya friji kwa makusudi. Atarudi lini, mkewe hajui. Mwaka jana alirudi kuni zilipomwishia.

Arlys anaaga, na kuaga nako kunachukua muda wake. Kisha anavua hedifoni na kuiweka mezani taratibu sana, kama mtu anayeweka yai.

"Miaka kumi na tisa nafanya kazi hii," anasema, "sijawahi kuambiwa hapana. Hata mara moja. Sasa mtu utafanyaje kazi mahali ambapo hakuna anayesema hapana wala hakuna anayesema ndiyo?"

Ana miaka sitini na tatu. Kazi yake ni kuwapigia simu watu waliohitimu katika chuo kikuu kimoja huku magharibi ya Minnesota, kuwaomba wachangie masomo ya wanaokuja nyuma yao. Yeye amepewa wale waliochukua shahada ya uzamili ya utawala wa umma. Waliosomea udaktari na sheria wana mpigaji wao mwingine, na chumba chake kina joto.

Watu wa Arlys si matajiri. Ni makarani wa miji, wakaguzi wa hesabu za kaunti, wasimamizi wa maji na barabara, watu wanaojua ni mtaa gani mfereji utaziba mvua ikinyesha. Wanatoa dola ishirini, wanatoa hamsini. Yuko bwana mmoja wa magari ya kusukuma theluji anayetoa mia kila mwaka na kusema asitajwe popote, akitajwa haachi kuona haya kanisani.

Michango hiyo midogo midogo ikikusanywa inatosha kumsomesha mtu mmoja kwa mwaka, ada yote, kama dola elfu kumi na moja.

Yeye mwenyewe hakusoma chuo. Alikuwa kiwanda cha batamzinga, kwenye mstari wa kukata mabawa, mpaka vidole vikakataa kukunjika. Sasa analipwa dola kumi na saba kwa saa, jioni nne kwa wiki. Mumewe, Orrin, amestaafu kiwanda cha sukari, na bili ya gesi ya Januari peke yake imekula karibu wiki mbili za simu za mkewe. Orrin humtania kwamba ameoa mwanamke anayelipwa kuzungumzia magoti ya watu.

Mwaka huu aliyechaguliwa kupata ufadhili ni Renata Quiroz, naibu karani wa mji mdogo uitwao Klevan. Wazazi wake walikuja sehemu hizi kupalilia mashamba ya viazisukari wakabaki. Ana miaka thelathini na minne na watoto wawili. Bomba kuu la maji la Klevan lilipopasuka majira ya baridi yaliyopita, ni yeye aliyebisha hodi nyumba kwa nyumba usiku kucha kuwaambia watu wafungulie maji yatiririke kidogo yasigande, kwa sababu msimamizi wa mji alikuwa hospitali.

Msimamizi huyo anastaafu kiangazi kinachokuja. Baraza la mji limemwambia Renata, bila kuficha, kwamba kama atakuwa ameanza masomo ya uzamili, kiti ni chake. Kama hajaanza, watakodi kampuni ya mjini iwe inausimamia mji wa Klevan kwa simu.

Chuo kimeshamkubali. Muhula umeshaanza. Ada isipolipwa kufikia Ijumaa, jina lake linafutwa, na nafasi nyingine ni mwakani, kiti kikiwa kimeshakaliwa.

Sasa mtu atauliza, kama amechaguliwa na mchango upo, tatizo liko wapi.

Tatizo ni adabu.

Mwezi wa Novemba kamati ya wahitimu ilimwita Renata kwenye ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri, wanapofanyia vikao vyao. Ni watu saba. Mwenyekiti ni Verlyn Stoltz, aliyeiongoza kaunti mpaka akastaafu. Katibu ni Mavis Thorkelson, aliyekuwa karani wa mji miaka thelathini na ambaye hata barua za shangazi yake huzigonga muhuri wa tarehe ya kupokelewa.

Verlyn alisimama, akamwambia Renata kwamba wamemchagua, wanataka kumpa ufadhili.

Renata akajibu kama alivyolelewa. Akasema jamani, hapana, ni wema mno, yeye atajikaza tu, labda yuko mwenye shida kuliko yeye.

Kila aliyezaliwa sehemu hizi anajua maana ya jibu hilo. Maana yake ni ndiyo. Ukikaribishwa kahawa unakataa. Unakaribishwa tena, unasema usijisumbue. Mara ya tatu unasema basi nusu kikombe, na unajaziwa mpaka juu. Anayepokea mara ya kwanza anaonekana hakulishwa kwao. Anayeacha kukaribisha baada ya mara ya kwanza, huyo ndiye mchoyo.

Lakini siku ile Verlyn alikuwa na njaa, na chakula kilikuwa kimeshatolewa jikoni, viazi na nyama ya kusaga vimeokwa pamoja na jibini juu, vinatoa mvuke. Akasema haya, asante Renata, tumekusikia, akafunga kikao. Na Mavis akaandika kwenye kumbukumbu kwamba mteule amekataa.

"Nilijua hakumaanisha," Mavis anasema. "Kila mtu chumbani alijua. Lakini kumbukumbu za kikao haziandiki mtu alichomaanisha, zinaandika alichosema. Ningeanza kuandika watu wanachomaanisha, mji wetu ungekuwa wapi?"

Wakala. Renata naye akala, akingoja kuulizwa mara ya pili kati ya kijiko na kijiko. Hakuulizwa. Akaenda nyumbani akidhani watampigia simu. Wao wakaenda nyumbani wakidhani atawapigia. Desemba ikapita hivyo. Walikutana dukani, walikutana kwenye karamu ya Krismasi ya kanisa, Verlyn na Renata wakasimama pamoja sahani mkononi wakizungumzia barafu ya ziwa imefika unene gani. Hakuna aliyeligusa jambo lenyewe, maana kuligusa kungekuwa kumwaibisha mwenzake.

Muda wote huo Arlys alikuwa kwenye simu zake, akiwaambia wahitimu kwamba dola zao ishirini zinamsomesha karani wa Klevan. Wengi walifurahi. Kuna mzee alilia kidogo, akaongeza tano.

Aligundua wiki ya pili ya Januari. Alimpigia Renata kumwomba picha ya kuwatumia waliochanga. Renata akasema kwa sauti ndogo kwamba hakuwa na hakika kama picha yake inafaa, kwa vile hajapewa kitu.

Arlys anasema alikaa na simu sikioni hajui aanze kumkasirikia nani.

Alianza na Verlyn. Verlyn alisikitika sana. Alisema bila shaka wampe, nani hataki kumpa? Lakini uamuzi wa kikao hubadilishwa na kikao, na kikao hakiwi kikao bila akidi, na akidi ni watu watano kati ya saba. Wawili wameshahamia Arizona kama kila majira ya baridi, huko wanacheza gofu wamevaa kaptura. Wamebaki watano. Kwa hiyo anatakiwa kila mmoja, na mmoja wao ni Duane Pribyl, msimamizi mstaafu wa barabara, ambaye yuko ziwani na simu yake iko juu ya friji.

Arlys akauliza kwa nini wale wa Arizona wasipige kura kwa simu. Verlyn akamweleza kwamba katiba ya umoja wao inasema mjumbe ahesabiwe yupo pale anapoonekana na wenzake kwa macho. Iliandikwa zamani. Wamekuwa wakitaka kuirekebisha. Kuna kamati ndogo inalitazama suala hilo.

"Tangu lini?" Arlys aliuliza.

Verlyn alisema kamati ndogo nayo imekuwa na shida ya akidi.

Hapa inafaa kusemwa kwamba hakuna aliyewalazimisha watu hawa. Umoja wao si serikali. Ni marafiki waliosoma pamoja, wanaotaka kumsaidia anayekuja nyuma yao. Wangeweza kukaa jikoni kwa mtu yeyote wakakubaliana katika muda wa kumenya kiazi. Lakini wameishi maisha yao yote wakiogopa raia mmoja atasimama nyuma ya ukumbi aseme utaratibu haukufuatwa, na hofu hiyo wameenda nayo hadi kustaafu. Mavis alibandika tangazo la kikao kipya, cha Alhamisi, kwenye mlango wa maktaba ya mji, wiki nzima kabla, umma upate kujua. Umma haukuja kulisoma. Kulikuwa na baridi ya kukata masikio.

Jumatano, siku ya simu ya goti, Arlys alipiga tena kwa mke wa Duane baada ya chakula. Mama yule akasema angemtuma jirani ziwani na ujumbe, ila jirani naye yuko ziwani.

Alhamisi saa kumi na mbili jioni wakakutana chini ya kanisa. Arlys hakualikwa, si mjumbe, lakini alikuja na sahani ya vipande vitamu vya shayiri na chokoleti, na mtu aliyekuja na sahani hafukuzwi. Renata alikuja moja kwa moja kutoka kazini. Wajumbe walikuwa wanne: Verlyn, Mavis, bwana mmoja wa idara ya maji na mama mmoja wa idara ya afya. Kiti cha Duane kilikuwa kitupu.

Verlyn akafungua kikao. Mavis akaita majina, ingawa wote walikuwa wanaonana. Alipofika kwa Duane alingoja kidogo, kisha akatangaza kwamba akidi haikutimia.

Wakatazamana. Bwana wa maji akasema ni jambo la kusikitisha. Mama wa afya akasema labda mwezi ujao. Verlyn alianza kukunja miwani yake.

Renata alikuwa amekaa ukutani, koti hajalivua, mikono mapajani. Akasema msijali, ni sawa, mmejitahidi. Akatabasamu. Watu waliomzunguka nao wakatabasamu kwa ahueni, kila mmoja akiwa amesamehewa.

Arlys akasimama.

Anasema hajawahi kupaza sauti ndani ya jengo lile, na hata siku hiyo hakuipaza. "Si sawa," alisema. "Nimewaambia watu mia tatu kwa simu kwamba huyu anasoma. Si sawa hata kidogo, Verlyn, na wewe unajua si sawa, na kesho saa kumi jina lake linafutwa, na wote mtakwenda kwenye sherehe ya kumuaga msimamizi wa Klevan mtakula keki na mtasema ni jambo la kusikitisha. Mimi sitakuwapo. Nitakuwa nyumbani nimekasirika."

Sehemu hizi maneno hayo ni sawa na kupindua meza.

Verlyn akasema polepole kwamba wanaelewa hisia zake, lakini kikao kisicho na akidi hakiwezi kufanya lolote.

"Kinaweza," Mavis alisema.

Wote wakageuka. Mavis alikuwa ameinamia karatasi zake, hakumtazama mtu. Alisema kikao kisicho na akidi hakiwezi kuamua, ndiyo, lakini kinaruhusiwa kutafuta akidi, na kinaruhusiwa kuhamia mahali pengine. Akasema mlangoni pa maktaba ameandika mahali pa kikao kuwa ni hapa, au mahali kitakapohamishiwa kutoka hapa. Huwa anaandika hivyo kila mara. Miaka yote hakuna aliyemuuliza kwa nini.

"Natoa hoja tuhamie kwenye kibanda cha Duane," alisema.

Bwana wa maji akaunga mkono. Mavis akaandika saa.

Wakaenda kwa magari mawili, Verlyn mbele na lori lake dogo, mama wa afya akifuata. Ziwa lilikuwa limeganda unene wa kubeba magari, na njia ilikuwa imesafishwa kati ya vibanda kama mtaa. Kibanda cha Duane kilikuwa cha mwisho kabisa, moshi ukitoka kwenye bomba. Verlyn alibisha hodi. Duane alifungua akiwa na fulana na kandambili, fimbo ya kuvulia mkononi, akawaona watu sita wamesimama gizani na mashungi ya theluji kwenye nyusi.

Akasema kwamba kama ni kodi ya kibanda ameshalipa.

Wakamweleza. Akasema angependa kusaidia, lakini samaki ndio kwanza wameanza kuuma. Mavis akamwambia anaweza kuendelea kuvua, katiba haikatazi.

Wakajibana ndani. Kibanda ni cha watu wawili, labda watatu wanaopendana. Palikuwa na jiko la kuni, matundu mawili kwenye barafu, ndoo mbili za kukalia na harufu ya soksi. Verlyn akakalia ndoo moja kwa heshima ya cheo chake. Mavis akaita majina tena. Safari hii walikuwa watano, na wanaonana kwa macho, tena kwa karibu kuliko walivyopenda.

Ndipo Verlyn akakumbuka kwamba anayejadiliwa hatakiwi kuwapo wakati wa majadiliano. Alimwangalia Renata kwa huruma. Akamwomba atoke nje.

Arlys akatoka naye.

Nje upepo ulikuwa unatambaa juu ya barafu. Walisimama nyuma ya kibanda, upande usiopigwa, mabega yao yamegusana. Ndani ilisikika sauti ya Verlyn ikisoma kumbukumbu za Novemba tangu mwanzo.

"Sikiliza," Arlys alisema. "Wakikuita, Verlyn atakuuliza kama unakubali. Ukisema chochote kingine zaidi ya ndiyo, mwanangu, nitakusukuma kwenye tundu la Duane."

Renata alicheka, kisha akaacha.

"Siwezi tu kusema ndiyo, Bi. Arlys. Itaonekana nilikuwa nimekaa naingojea."

"Si ulikuwa unaingojea?"

"Kila siku." Alijifuta pua kwa glavu. "Mama alitulea hivyo. Ukienda nyumba ya mtu usinyooshe mkono, watasema hao wa mashambani wamekuja na njaa yao. Halafu tukaja kuishi na ninyi Walutheri, mkanikazia uzi. Miaka yote nimekuwa mtu mzuri. Hakuna anayenisema vibaya mji mzima. Nikisema ndiyo haraka haraka leo, mbele ya Mavis, na yeye anaandika..."

"Ataandika umekubali."

"Na huko mjini watasema?"

Arlys alifikiri. Hakutaka kumdanganya. "Watasema kidogo," alisema. "Watasema mpaka Pasaka. Halafu bomba litapasuka tena na watakutafuta."

Renata alifunga koti lake mpaka kidevuni.

Ndani, kura iliitwa. Verlyn alisema wanaokubali waufute uamuzi wa Novemba na kumpa Renata Quiroz ufadhili, wanyooshe mikono. Mikono minne ikapanda. Wakati huohuo kamba ya Duane ikavutwa, fimbo ikapinda, na Duane akaishika kwa mikono yote miwili.

Mavis akasema mkono wake hauonekani.

Duane akasema yuko upande wao, yuko nao kabisa, ila wampe dakika, huyu ni mkubwa.

Mavis akasema mkono ulioshika fimbo si mkono ulionyooshwa.

Wanaosimulia wanasema Duane alimtazama Mavis kwa muda ambao samaki mwenye busara angeutumia vizuri. Kisha akaachia mkono mmoja, akaunyoosha juu. Fimbo ikanyooka, kamba ikalegea. Kura zikawa tano.

"Kile kilikuwa chakula changu cha jioni, Mavis," alisema.

"Imeandikwa," Mavis alijibu. Haikueleweka kama alimaanisha kura au samaki.

Wakafungua mlango, wakamwita. Renata akaingia, Arlys nyuma yake. Verlyn akainuka kwenye ndoo, akainama kidogo maana paa lilikuwa chini, akasema kwa niaba ya wahitimu wa utawala wa umma kamati inampa ufadhili wa masomo, na je, anaukubali.

Kalamu ya Mavis ilikuwa juu ya karatasi. Kuni zilikuwa zinapasuka ndani ya jiko. Renata alifungua mdomo, na Arlys anasema aliliona lile neno baya likija, aliliona kabisa, jamani, limeshafika kwenye meno.

Renata akaufunga mdomo. Uso wote ukawa mwekundu mpaka shingoni.

"Ndiyo," alisema. "Naukubali. Nauhitaji."

Bwana wa maji alikuwa anaangalia buti zake. Ilikuwa kana kwamba mtu amevua shati mbele yao. Mavis aliandika, akaweka nukta, akapuliza karatasi wino ukauke. Duane alikuwa anafunga chambo kipya.

"Huyu naye ana haraka," alisema.

Wakacheka, Renata akiwa wa kwanza, na Verlyn akafunga kikao.

Ada ililipwa Ijumaa, saa ya mwisho mwisho, baada ya mhazini wa chuo kutaka nakala ya kumbukumbu na Mavis kuipeleka mwenyewe kwa mkono, imegongwa muhuri mara mbili. Renata sasa anasoma jioni tatu kwa wiki baada ya kazi, watoto wakiwa kwa bibi yao. Dukani wanamtania. Mtu akimuuzia mkate humuuliza kama anaukubali.

Kamati nayo imeunda kamati ndogo ya kutazama kama mteule aulizwe mara tatu kabla ya jibu lake kuandikwa. Itatoa taarifa yake vuli, ikipata akidi. Arlys akisikia habari hiyo hufumba macho kidogo.

Fundi wa joto bado hajapita. Arlys ana mpango wa kustaafu, kila mtu chuoni anajua, Orrin ameshatazama bei za kwenda Arizona. Lakini ameusogeza mbele miaka miwili na nusu, na sababu yake anaisema wazi, jambo ambalo si la kawaida sehemu hizi.

"Ndio muda atakaotumia kumaliza masomo," anasema. "Siku atakayohitimu, akiwa na mshahara wake wa msimamizi, nataka simu ya kwanza iwe ya kwangu. Sitaanza na baridi. Sitauliza goti la mtu. Nitamwambia, Renata, sasa ni zamu yako, unatoa ngapi. Na akianza kuniambia ngoja afikirie, naendesha gari mpaka Klevan, nakaa sebuleni kwake na koti langu nimevaa, na kahawa sinywi mpaka aseme."

Anavaa hedifoni, anavuta kofia chini ya masikio, anabonyeza namba inayofuata.